Mlango Uliobaki Ipole

Masika yaliyopita nyumba ya baba ilikaa chini
kama mtu aliyechoka kungoja wageni.
Kuta zikarudi udongo. Makombamoyo, miti ya haraka haraka,
mchwa walikwisha kuyala zamani, wakatuachia maganda.
Mlango ukabaki wima katika fremu yake,
umefungwa,
na ufunguo anao kaka Kapela, yuko Mpanda.

Tuliuzunguka. Hakuna aliyethubutu kuuvunja.
Shangazi Limi, akifuata sufuria lililofukiwa,
alipita pale ukuta ulipokuwa
na bado akasema, "Hodi."

Mninga. Baba aliukata mwenyewe.
Shoka la kwanza, alituambia, ukatoka damu,
ikamrukia kifuani.
Mama alilifua shati lile mpaka likachanika.
Doa halikuchanika.

Fundi Nkwabi wa Isevya aliushusha juu ya basi la Sikonge,
akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Huu ulikauka wewe hujazaliwa.
Haupindiki tena. Haufuri masika, haunywei kiangazi."
Akanionyesha ukingo mweupe, matundu matupu:
"Hili fungu la mchwa. Kila mti huwalipa kidogo.
Kiini hawakiwezi."
Akapitisha randa. Kijivu cha miaka arobaini kikajikunja, kikaanguka,
na chini yake kahawia yenye michirizi,
rangi ya asali inayotaka kuganda.
Akapiga chafya tatu. Vumbi la mninga halina adabu.

"Nikutolee nini? Kitanda?"
Mimi mpangaji. Chumba kimoja,
na mlango wake ni wa mwenye nyumba.
"Meza," nikasema. "Ila kitasa usikitoe."

Sasa tunakula juu ya mlango.
Punje za wali hupenya tundu la ufunguo,
na Mhoja, miaka minne, huchungulia kutoka chini
aone nani yumo.

Juzi Kapela ametuma ufunguo kwa kondakta,
ndani ya bahasha ya dawa: *Samahani, nimechelewa.*
Nikasogeza ugali. Nikauingiza.
Uligoma; nikautilia tone la mafuta ya alizeti.
Ulimi wa chuma, ulionichania khanga mbili
kila nilipopita ukingoni,
ukarudi ndani.

Umefunguka.
Tukautazama, mimi na Mhoja,
mboga ikipoa,
hatujui nani aingie, nani atoke.