Kuita Majina Langoni

Tangu moshi wa asidi ulipomla macho
baba yangu Kabwita hasomi; mimi ndiye miwani yake.
Jioni, umeme ukigoma kama kawaida,
nawasha mshumaa ambao yeye hauhitaji,
naye hutikisa kidole:
"Usinisomee za mpanzi na kondoo.
Nipe mataifa."

Basi nampa. Nampa Moabu na kiburi chake,
Edomu aliyejenga kwenye nyufa za mwamba
akadhani tai ni jirani,
Ninawi yenye kuta nene kama barabara,
na Tiro. Tiro anaipenda kupita zote,
kwa kuwa nabii aliihesabu kama karani wa ghala:
fedha, bati, risasi, vyombo vya shaba,
pembe, mpingo, nyumbu, ngano.
"Rudia hapo kwenye shaba."
Narudia.
"Iliyeyushwa na nani? Hawakuandika?"
Hawakuandika, baba.
"Nilijua."

Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya tanuri,
zamu ya usiku, na kijiko cha chuma kirefu kuliko mtu;
asubuhi alirudi Bongonga
na unga wa mgao begani,
meno tu yakiwa meupe.
Kisha kampuni ikakohoa. Kisha ikanyamaza.
Hakuna nabii aliyekuja langoni.
Ilikuja karatasi yenye muhuri,
imebandikwa kwa gundi ya muhogo,
na ile miezi thelathini na minne ya mshahara
mpaka leo ipo njiani.

Ndiyo maana hunisimamisha katikati ya ghadhabu:
"Ngoja. Bahari ilipozimeza zile merikebu,
wapiga makasia walikuwa wamelipwa?"
Natazama mstari wa juu, natazama wa chini.
Wafalme wapo, wamevua majoho, wanatetemeka.
Wafanyabiashara wapo, wanapiga miluzi.
Mpiga makasia ametajwa kidogo, akazama.

Mchungaji Ngosa, wa kanisa la ng'ambo ya reli,
anajua kila taifa maana yake ni nani.
Jumapili aliisoma Babeli, akanyoosha kidole dirishani:
kwanza mji mkuu, kisha ng'ambo ya mpaka, kisha ng'ambo ya bahari,
na makofi yaliongezeka kila kidole kilipokwenda mbali.
Baba hakupiga. Njiani aliniuliza:
"Kile kidole kilipita juu ya mlima wetu?"

Mlima wetu: ule mweusi, wa mavi ya shaba,
tuliouzaa kwa tumbo la tanuri, zamu baada ya zamu.
Hauoti hata nyasi.
Mbweha wa manabii wakija kulala kwenye magofu yetu
watakosa kichaka cha kuficha mkia.

Jana usiku tuliyamaliza mataifa yote.
Nikafunga kitabu. Akasema, "Sasa ita majina,
kama kapita alivyokuwa akituita."
Niliona aibu, lakini niliita.

Moabu.
"Hayiko."
Edomu.
"Hayiko."
Ninawi.
"Hayiko, na ng'ombe wake wote."
Tiro.
Akakawia. "Hayiko. Andika pembeni: alikuwa fundi mzuri."

Kisha, bila kunisubiri, akaendelea peke yake:
Numbi wa tanuri la pili, hayiko.
Kalenga Mguu, hayiko.
Musonda aliyetuletea munkoyo kwenye kopo la rangi,
Musonda hayiko, hayiko.

Mshumaa ukafika kwenye kisahani.
Nikajikuta nimeanza: Lubu...
Baba akainua mkono.
Nje, malori ya kwenda Kasumbalesa yalikuwa yakipita,
moja nyuma ya jingine, yamefunikwa turubai,
mabamba ya shaba yakigongana ndani
kama meno ya mtu mwenye baridi.
Akayahesabu kwa sauti ya chini hadi kumi na tisa.
"Subiri," akasema. "Zamu haijaisha."