Safu ya Tatu

Mizani ya zahanati yetu inaishia mia na ishirini.
Mama Cibalonza alipoipanda, mshale ulitetemeka,
ukapita mia, ukapita mia na kumi,
ukagoma kwenye kumi na nane kama mbuzi mbele ya maji.
Daktari akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.
"Huyu alale," akasema. "Goti tutalifungua asubuhi,
lakini jioni siwezi kumtuma kwenye ule mteremko."

Mama akavaa kandambili zake, moja, kisha nyingine.
"Kitanda ni dola ngapi?"
Akatajiwa.
"Basi nitalala kwangu. Kwangu pia kuna kitanda,
na kile kimenizoea."

Hiyo ndiyo kazi yangu: kufuata magoti majumbani.
Nina daftari lenye safu mbili,
kilo upande huu, nyuzi za goti upande ule:
linakunja kiasi gani wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita.
Shuleni walitufundisha kwamba safu hizi
ni watoto wawili juu ya ubao mmoja,
huyu akipanda, mwenzake hushuka.
Niliamini. Inarahisisha kazi.

Siku ileile alipasuliwa Bwana Zihindula,
karani wa zamani wa kiwanda cha chai,
kilo hamsini na sita pamoja na koti.
Saa tisa alasiri alikwisha kuondoka, nyuma ya pikipiki,
magongo ameyapakata.
"Mgonjwa ndiye yule," daktari akasema.

Mama Cibalonza alitoka saa kumi.
Mvua ilikuwa imepita Kadutu, na ngazi za udongo
zilikuwa zimesahau kwamba ni ngazi.
Wenye pikipiki walikataa. Wa mwisho alimpima kwa macho,
akacheka, akawasha, akaenda.

Ndipo wakaja wale wanawake wabeba mizigo wa sokoni,
wenye alama ya kamba kwenye paji la uso.
Wanne. Kiti cha mbao, miti miwili, kamba zao wenyewe.
"Gunia ya muhogo haisemake kitu," mmoja akamwambia.
"Weye hata utatupigia masolo."
Wakampandisha. Ngazi mia na arobaini na moja.
Nilizihesabu, maana sikuwa na mzigo ila daftari.

Wiki ya tatu, Zihindula: nyuzi sabini. Goti limevimba.
Anakaa peke yake huko Nguba, ghorofani;
binti yuko Kinshasa, hupiga simu Jumapili.
Tangu jana hajala. Hakutaka kushuka kwa ajili ya mkate tu.
Nilimkunja mguu polepole; yeye alitazama ukuta.

Wiki ya tatu, Mama Cibalonza: mia na tano.
Nikapima tena. Mia na tano.
Amehamishia biashara mlangoni, viazi na sambaza,
na watoto wa jirani wanamhesabia mazoezi kwa Kifaransa,
wakifika kumi na sita wanapotea,
wanaanza upya, naye anaanza nao.

Sisemi unene ni dawa.
Kidonda chake kilichelewa kukauka, nilikisafisha siku tisa,
goti la kulia nalo limeanza kunung'unika,
na daktari hakosei anapomtajia mawese.
"Nilipoolewa waliniambia: nenepa, tuone kama unatunzwa.
Sasa mnaniambia: pungua, tuone kama utatembea.
Kaeni mkubaliane, kisha mniite."
Sikuwa na jibu. Nikaomba maji ya kunywa.

Jana usiku umeme ulikatika.
Niliwasha tochi ya simu, nikachukua rula ya mwanangu,
nikachora mstari mmoja zaidi daftarini.
Safu ya tatu. Sijui niiite nini.
Kwa Zihindula nimeandika: simu, Jumapili.
Kwa Mama Cibalonza: wanne, na kiti.

Kesho naanzia Nguba.
Nitanunua mkate njiani.