Kisiwa cha Kombe

Kombe alisema kisiwa.
Alisema Jumatano, mdomo umejaa kiburu:
"Jumamosi nawapeleka kisiwani, kwa baiskeli."
Na sisi, wazaliwa wa Moshi,
tunaojua bahari ni siku nzima ndani ya basi,
hatukuuliza ni maji gani hayo.
Aikande akanunua nguo ya kuogelea.

Kumi na mbili na robo, Majengo,
fundi Shafii akatukabidhi baiskeli
kama mtu anayeozesha mabinti:
huyu ana breki ya nyuma tu,
huyu mnyororo wake una hasira,
na huyu (akamtazama Namsifu) anaijua njia mwenyewe.
Yangu ilikuwa Foniksi kuukuu,
tandiko gumu kama deni.

Tukashuka. Kwenda kusini ni kushuka tu,
ndiyo hila ya mji wetu:
asubuhi unakupa mteremko bure,
jioni unakuja kudai.
Bomambuzi walikuwa wakifungua maduka,
mama mmoja akamwaga maji ya kuoshea vyombo
akatupigia kelele, "Mnakimbia nini?"
Kombe akajibu, "Wiki!"
Mlima nyuma yetu umejifunika mpaka macho.

Kisha lami ikaisha, na miwa ikaanza.
Miwa kulia, miwa kushoto,
njia nyekundu katikati kama mshono.
Namsifu akapata pancha.
Wa mnyororo wenye hasira nao ukasusa.
Tukaziba kwa gundi na kipande cha kandambili,
Kombe akipuliza jeraha la tairi
kama anayepoza uji wa mtoto.

Saa tano tukafika.
Kilima.
Kilima kimoja, kipara kidogo, mawe na migunga,
kimesimama peke yake kati ya miwa.
"Kisiwa," Kombe akasema, na hakucheka.
Aikande hakusema neno.
Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Tuliziacha baiskeli zimelaliana chini
tukapanda kwa miguu na mikono,
miiba ikitusalimia mmoja mmoja.
Juu kulikuwa na upepo na kinyesi cha mbuzi.
Tukala vitumbua vilivyopondeka, yai moja kwa watu wanne,
kisha tukanyamaza, kwa kuchoka tu,
ndipo tukasikia.
Shwaaa. Likaja kutoka mbali, likapiga kilima, likarudi.
Miwa yote ikainama upande mmoja
ikainuka,
ikainama.
Namsifu, aliyewahi kuishi Tanga, akafumba macho.
"Haina chumvi," akasema, "lakini ndiyo yenyewe."

Sikuamini mpaka tuliposhuka.
Kijana mwenye jembe begani, viatu vya mpira,
alikuwa amefungua mfereji; zamu yake ya maji.
Njia tuliyojia ilikuwa haipo.
Pande zote za kilima maji ya kahawia yakitambaa
kimyakimya, yanabeba majani makavu,
na baiskeli zetu zimezama hadi nusu ya magurudumu.
"Saa mbili tu," kijana akasema, "yatanywewa."
Kombe akakunjua mikono kama mwenye nyumba.

Aikande akaingia nyuma ya miwa.
Akatoka na nguo yake mpya, ya bluu, lebo ya bei ingali inaning'inia,
akaketi katikati ya mfereji
maji yakamfika kifuani,
akasema, "Mnangoja nini?"

Jioni mji ulidai chake, mpaka senti ya mwisho.
Tulisukuma zaidi ya kuendesha,
matope yakitukaukia miguuni kama soksi za shule.
Shafii akahesabu breki, akahesabu kengele,
akachokoa udongo kwenye ekseli kwa ukucha.
"Mlikuwa wapi nyie?"
Aikande akakamua nguo yake pale pale, juu ya vumbi lake.

Usiku miguu yangu ilikataa kulala.
Ilikanyaga pedeli ndani ya shuka,
ikishuka, ikishuka,
na sikioni kulikuwa bado na miwa.