Ufunguo wa Morag

Saa kumi na mbili, Possilpark. Mvua ile ile.
Lifti imekufa tangu Pasaka;
Struan hushuka ghorofa kumi na nne,
mikono mfukoni, kofia usoni,
kama anayekwepa deni.

Morag hamwulizi kitu.
Hufungua kilichokuwa chumba cha kufulia,
humrushia glavu zenye jasho la wengine:
“Piga gunia. Halina kinyongo.”

Naye hupiga. Baba. Shule. Ile barua ya polisi.
Gunia huenda,
hurudi,
humngoja.

Jana hakuja, wala juzi.

Leo Morag na goti lake bovu
kazipanda ngazi zote zile,
kagonga, kasimama mlangoni akihema:

“Glavu zako zimekauka.
Nani kakupa likizo?”