Sabini

Kitanda cha juu, hosteli ya Kikoni,
umeme umekatika tangu saa mbili.
Nanong'ona vitenzi gizani kama mtu anayesali,
na Nakayiza wa kitanda cha chini anauliza:
"Umeanza tena kugombana na pua yako?"

Kweli ni pua. Mwaka wa pili sasa
nalipiwa ada nijifunze kuongelea puani,
jambo ambalo mama alinichapia nikiwa mdogo.

Daktari Nantongo huja na chaki mbili,
ya bluu kwa nomino za kiume, nyekundu kwa za kike.
Mlango, nyekundu. Ukuta, bluu.
Kisu bluu, uma nyekundu,
na kiti kinachonichoma mgongo, nyekundu pia.
Nikamuuliza: na yule anayelia nje ya dirisha,
ambaye sijamwona bado, nimsemeje?
Kwetu ningesema *analia*, nikatoka kumtazama.
"Kwa Kifaransa," akasema, "lazima uchague kwanza."

Siku moja tulisoma shairi la theluji.
"Hakuna hapa aliyeiona. Basi tufumbe macho."
Sikufumba. Niliinua mkono.
Ukipanda nyuma ya kwa shangazi, mawingu yakikubali,
theluji ipo, na ina mwenyewe,
Nzururu, jina tusilolitaja ovyo.
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Aliliandika jina ubaoni
akasimama na chaki zake mbili,
asijue alipake rangi gani.

Lakini nilichotaka kusimulia ni sabini.

Mtihani wa mdomo, mwezi wa tano.
Mtahini mgeni, tai ya kijivu, saa kaivua kaiweka mezani.
"Hesabu kuanzia sitini na tisa."
Nikahesabu kama nilivyohesabu tangu utotoni
nimekaa juu ya gunia la unga wa muhogo, soko la Mpondwe,
Mama Kasoki akivuka daraja la Lubiriha,
hela kaifundika kwenye pindo la kitenge,
akidai chenji yake kwa lugha tatu:
Kinande kwa mzaha, Kiswahili kwa bei,
Kifaransa akishakasirika.
*Septante*, nikasema. Neno moja, limeiva.
*Septante et un.*
Kalamu ikainuka.
Sabini, akanieleza, ni sitini-na-kumi,
na tisini ni ishirini mara nne, kisha kumi.
Akakata alama mbili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga;
mwenyeji nilitoka mle jasho likinitiririka.

Likizo ilipofika nikampelekea Mama Kasoki kesi.
Alikuwa akipanga samaki wa chumvi, hakuinua uso.
"Sitini-na-kumi?
Huyo akija kununua kwangu nitamhesabia hivyohivyo.
Alipe sitini kwanza, kumi aende akazitafute,
samaki abaki hapa ananingojea."
Akacheka mpaka akashika kiuno.
Kisha akachagua wawili, wanono,
akanifungia kwenye gazeti.
"Alama zako hizi. Mwambie mama asitie mafuta mengi."

Nimerudi Kikoni. Muhula umeanza,
chumba kinanuka samaki,
bluu, nomino ya kiume, nimehakikisha kwenye kamusi.
Kwenye karatasi nitaandika sitini-na-kumi;
ada yangu imetoka kwenye muhogo, kilo kwa kilo,
sina ubavu wa kuchezea alama.
Lakini usiku, Nakayiza akishalala,
nahesabu siku zilizobaki kabla ya kufunga,
na nikifika sitini na tisa
navuka daraja.