Puti

Usianze na rangi, Nzaro. Rangi ni kanzu ya Idi,
asubuhi kila mtu apendeza.
Piga goti hapo penye mavi ya kuku,
tia kichwa chini ya kizingiti cha mlango,
nusa.
Bara, gari huliwa na mvua, nawe waona likiliwa.
Kisiwani chumvi huingia bila hodi,
ikakaa kitako kwenye mbavu, ikala polepole,
na nje wewe waona nikeli yang'aa, wacheka.

Hivyo ndivyo nilivyokufunza jana, uani kwa Bi Shekuwe, Tudor,
nikajiona mwalimu.
Pijo mia nne na nne, rangi ya maziwa yaliyoungua,
miaka kumi na saba chini ya mabati,
kuku amelalia mayai kwenye kiti cha dereva.
Nikachukua sumaku ya spika kuukuu, nikaivisha soksi ya mtoto isichubue,
nikaipitisha: boneti, tap. Paa, tap.
Mlango wa mbele, tap, tap.
Nikatia spana kwenye puli, nikavuta kwa mwili mzima.
Ikakataa. Ikakataa.
Halafu injini ikageuka robo,
kwa mguno wa mtu aamshwaye kula daku.
Ukanishika bega. Nikakwambia bado,
injini hutafutwa ikapatikana, hata kwenye vyuma vikuukuu vya Shimanzi;
bodi ikioza wanunua hewa iliyopakwa rangi.

Miaka thelathini na moja umepima mizigo ya watu bandarini,
sasa wataka kiinua mgongo chako
kikainue mgongo wa gari.
Sikucheka. Nilikuona ulivyofuta vumbi kwenye usukani kwa kiganja,
mara moja tu, kisha ukaficha mkono mfukoni.

Hesabu niliyokupa ni ya kweli:
bati, mitungi ya gesi, siku arubaini za nyundo,
mipira ya vioo ambayo haitengenezwi tena,
kitabu cha gari chenye jina la marehemu
na warithi saba, mmoja yuko Maskati, hapokei simu.
Utatumia bei yake mara tatu
upate gari la kuuza kwa bei moja.
Hayo nilisema.

Nililonyamaza ni hili.
Ubavu wa kushoto, nyuma, juu ya gurudumu,
sumaku haikushika. Ilianguka vumbini na soksi yake.
Wewe ulikuwa umekwenda kupokea kahawa.
Nikachokoa kwa bisibisi: puti, nene kama mkate wa sinia,
na chini ya puti, gazeti.
Nikalijua kabla sijalikunjua.
Nusu ya tangazo la sabuni, na pembeni alama ya kidole, rangi ya maziwa.
Kidole changu.

Gesi ilikuwa imeniishia. Mwenyewe ana harusi Malindi Alhamisi,
Jumatano magharibi yuwaja na pesa mkononi.
Nikalisokota gazeti, nikalisindilia,
nikapaka, nikapiga msasa hadi pakawa laini kama shavu,
nikamwapia: bwana, kazi hii itakuzika.

Bi Shekuwe akaniongeza kaimati.
"Kuna fundi alimwambia marehemu kazi yake itamzika," akasema,
"na kweli, ilimzika."
Hakunitambua. Siku zile sikuwa na ndevu.
Nikarudi kulisukuma gazeti tunduni kwa kidole gumba.

Kwa hivyo ukiniuliza tena lafaa au halifai,
sijui wamuuliza nani.
Gari lenyewe ni la laki moja. Anataka mbili; mpe mbili,
ile ya pili uikate kwangu,
na ubavu wa kushoto usiuandike popote.
Ila tungoje kuku aangue kwanza.
Mtungi ninao. Nimeupima leo asubuhi, umejaa.