Mzima Taa wa Pishëbardha

Baba yangu anaitwa Ndriçim, yaani Mwangaza.
Miaka thelathini alipanda nguzo za shirika la umeme,
mkanda kiunoni, plaisi mfukoni.
Sasa hoteli inamlipa azime.

Ndiyo kazi yenyewe, imeandikwa kwenye mkataba:
kuanzia Juni hadi Septemba, jua likishatua,
avizungukie vyumba arobaini na viwili vya mbao na udongo,
ahakikishe hakuna taa inayotazama bahari,
maana kasa wamerudi kutaga,
na kitoto cha kasa hakijui tofauti
kati ya mwezi na balbu.

Neno wanalolipenda pale ni endelevu.
Mirija ni mabua ya ngano.
Maji ya kuogea yanarudi kunywesha mizeituni.
Handaki la zege ambamo babu alilinda pwani
dhidi ya maadui ambao hawakutokea
leo ni ghala la mvinyo.
Usiku mmoja euro mia tisa, kifungua kinywa kimo.

"Mmewezaje kupata giza zuri namna hii?"
mgeni wa kutoka Zurich alimwuliza baba,
shingo nyuma, kinywa wazi kwa nyota.
Baba akacheka mpaka akakohoa.
Mimi nilizaliwa ndani ya giza hilo hilo,
siku ya nne umeme umekatika,
mkunga ameuma kurunzi kwa meno.
Hatukujua kuwa tulikuwa matajiri.

Agosti, Besjana aliolewa.
Juu kijijini walitundika balbu mia tatu
kutoka paa la kanisa hadi paa la duka,
na huku chini, saa nne usiku,
mchanga ukaanza kuchemka.
Vikatoka, vyeusi, vidogo kama vifungo vya koti,
vikainua vichwa, vikageuka, vyote,
vikaanza kupanda kuelekea harusini.

Meneja, Bi Ornela, alikuja mbio viatu mkononi.
"Ndriçim, una ufunguo wa transfoma.
Kata kijiji kizima."
Alikuwa nao. Hakuwahi kuurudisha.
Nilimwona akiupapasa mfukoni
kama ulimi unavyopapasa jino bovu.
"Hapana," akasema. "Watu hawa nimewakatia vya kutosha.
Leo nitaomba."

Akapanda kwa miguu, na goti lake lile.
Akamnong'oneza bibi harusi.
Besjana akasogeza shela, akatazama chini ghubani,
akapiga kelele kuishinda ngoma:
"Wenzetu wanalipia kitu hiki! Zimeni!"
Zikazimwa.
Mpiga klarineti hakupoteza hata pumzi,
watu wakaendelea kucheza, wakikanyagana,
shangazi mmoja akimbusu asiyekuwa mumewe.

Ndipo tukaiona.
Ghuba yote giza totoro
ila taa moja:
nyumba ya mwekezaji mwenyewe,
bwawa lake la faragha linang'aa kijani
kama jicho la paka chini ya meza.

Safari hii baba hakuomba.

Sitini na mmoja waliingia majini.
Niliwahesabu kwa kidole, magoti mchangani.
Tisa tuliwakuta asubuhi barabarani, wamekauka,
kijiji kushoto, hoteli kulia,
na hakuna aliyekubali
kwamba walikuwa wakielekea kwake.

Msimu uliofuata kijitabu cha wageni kilisema,
kwenye karatasi laini iliyotengenezwa kwa majani:
wenyeji huzima taa zao kwa hiari,
kwa upendo wao wa asili kwa bahari.

Besjana ameukata ukurasa huo,
ameubandika kwenye mlango wa duka lake,
na chini, kwa kalamu ya kuandikia bei za jibini,
ameongeza:
giza, saa tatu, kaya hamsini na nne.
Halafu alama ya euro,
halafu tarakimu.

Nakala alimpelekea Bi Ornela.
Jibu bado. Juni ni wiki ijayo.
Baba ameshapaka mafuta ngazi yake,
na ule ufunguo, safari hii,
ameuacha nyumbani, juu ya friji.